KONA YA NYUMBANI: Fundi wa choo asiondoke na pesa yote

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuweka unga wa muhogo usiingie wadudu. Juzi mama mmoja akanisimamisha sokoni, akaniambia, "Mama, ya unga tumesikia. Sasa andika juu ya mlango ule mwingine." Nikacheka, maana nilielewa. Kwake choo kimekufa tangu wiki tatu na mwenye nyumba hapokei simu.

Basi mwezi huu ni choo. Wengine kwetu wanasema kabine, wengine wanasema msalani, ni kitu kile kile, na kikiharibika nyumba nzima inaumwa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili msije mkasema huyu mama anajua tu kufundisha.

Miaka michache iliyopita tulikuwa familia sita kwenye ploti moja hapa Koboko, nne za Wakongomani, moja ya Sudan Kusini, na moja ya wenyeji Wakakwa. Choo kilikuwa kimoja, kile cha kukaa chenye tangi la kuvuta maji. Bili ya maji ikaanza kupanda. Kila mwezi ugomvi: wewe unafua sana, wewe una watoto wengi, wewe unamwagilia mchicha usiku. Hakuna aliyefikiri kwamba choo ndicho kinakunywa maji. Tulikuwa tunasikia usiku sauti ndogo, shhh, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, tukaizoea.

Mwishowe tukakubaliana kuita fundi. Mimi nikachaguliwa kushika pesa, kila familia shilingi 30,000, jumla 180,000. Fundi tukampata njiani, kijana mwenye spana mfuko wa nyuma na maneno matamu. Aliangalia choo kwa dakika moja, kweli dakika moja, akasema, "Mama, hii imekwisha. Tunaweka mpya." Nikamuuliza mpya inapatikana wapi. "Koboko hakuna nzuri, naenda Arua, narudi kesho." Nikampa pesa yote. Na kabla ya kuondoka, ili nione kwamba kazi imeanza, alichukua nyundo akang'oa lile bakuli la choo. Likapasuka. "Si kitu," akasema, "tunaleta lingine."

Hakurudi kesho. Hakurudi keshokutwa. Simu ikawa haipatikani.

Siku kumi na moja tulikaa na shimo wazi katikati ya ploti, limefunikwa bati na mawe mawili. Watu wazima tuliomba kwa majirani, na majirani nao huchoka. Watoto walikwenda nyuma ya ukuta. Binti yangu aliyekuwa Senior 3 aliacha kunywa maji kuanzia saa kumi ya jioni ili asilazimike kutoka usiku, na mimi nilimwona nikanyamaza, maana ningesema nini? Wale waliopitia Kyangwali wanakumbuka kipindupindu cha mwezi wa pili mwaka 2018, wakati watu walikuwa wanavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kutoka Ituri. Zaidi ya watu 40 walikufa. Kila mtoto akiharisha pale kwenye ploti, hilo ndilo nililokuwa nalifikiria. Na majirani walianza kuniangalia kwa jicho lingine. Pesa zilipitia mkononi mwangu. Hakuna aliyesema nimekula, lakini hakuna aliyesema sikula.

Niliuza vitenge viwili nilivyokuwa nimeviweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nikatafuta fundi mwingine. Huyu alikuwa mzee wa Kilugbara aliyekuwa akifanya kazi kwenye jengo la jirani. Alikuja, hakugusa kitu, akaanza maswali. Maji yalikuwa yanatoka wapi, chini sakafuni au ndani ya bakuli? Yalikuwa yanatoka usiku na mchana au baada ya kuvuta tu? Mimi sikujua hata moja. Akachukua lile tangi la zamani lililokuwa limetupwa pembeni, akatoa ndani yake mpira mdogo unaoziba tundu la maji, akanipa mkononi. Ulikuwa mgumu kama soli ya sandali ya zamani. "Ni hii tu, mama," akasema. "Choo chenu kilikuwa kizima."

Kipande kile cha mpira kilikuwa kinauzwa chini ya mchango wa familia moja. Lakini bakuli lilikuwa limeshavunjwa, kwa hiyo tulinunua jipya, na vitenge vikaenda hivyo.

Tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi wa vyoo, mtanisamehe. Niwape niliyoyapata.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, jaribu mwenyewe. Kama choo chenu kina tangi, chukua chai nyeusi iliyokolea au wino kidogo, mwaga ndani ya tangi, na asivute mtu kwa nusu saa. Halafu tazama ndani ya bakuli. Rangi ikionekana, maji yanapita pale kwenye mpira. Rangi isipoonekana lakini maji yanasikika, fungua kifuniko uangalie kama maji yanapanda mpaka kwenye mdomo wa bomba la kumwaga yaliyozidi. Hapo ubaya uko kwenye floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa. Na kama sakafu ina maji kuzunguka mguu wa bakuli, hayo ni mengine na mazito zaidi. Ukimwambia fundi maneno haya matatu tu, ataona kwamba huyu mama si wa kudanganywa na nyundo.

Pia tafuta koki ya kufunga maji ya choo, mara nyingi iko ukutani chini ya tangi. Ifunge, basi, maji yamekoma, na una muda wa kutafuta fundi bila haraka. Haraka ndiyo inayotuibia. Mkiwa mmefunga koki mtavuta kwa ndoo, na choo kinaendelea kufanya kazi. Sisi hatukujua hilo. Tungejua, tusingelala hata siku moja bila choo.

Mnaodhani sauti ndogo ya shhh si kitu, tupige hesabu. Choo kinachovuja jerikeni moja ya lita 20 kwa saa, kwa siku nzima ni jerikeni 24, yaani lita 480. NWSC, wanaotoa maji Arua na Koboko, wanahesabu kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000. Kwa hiyo kila siku mbili karibu yuniti nzima inateremka shimoni bila mtu hata mmoja kukaa pale.

Sasa fundi mwenyewe unampata wapi. Usimchukue njiani kama mimi. Uliza walio na vyoo vinavyofanya kazi: nani aliwawekea? Fundi mzuri atakutajia nyumba mbili au tatu alizofanya. Nenda huko, omba ruhusa, vuta maji, angalia sakafu kama ni kavu. Ndiyo, ni aibu kidogo kuingia choo cha watu kwa uchunguzi, lakini ni aibu ya dakika tano. Wengine watakuonyesha kijitabu cha Worker's PAS, ambacho DIT walikuwa wakitoa kwa mtu aliyepimwa ufundi wake kwa vitendo hata kama hakusoma shule ndefu. Ni kitu kizuri kuwa nacho. Ila kijitabu hakivuti maji, kwa hiyo hata mwenye kijitabu, nenda ukaone kazi yake. Na muuza duka la hadwea akikuambia "nina fundi wangu," sikiliza, lakini ujue kwamba pengine yule fundi anamletea wateja na yeye anamletea kazi.

Msiwasahau vijana wetu. Wapo waliofanya kazi hii Bunia, Aru, Yei, wakaja hapa wakabaki kusukuma mikokoteni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa nafasi ya kufanya kazi na kutembea. Fundi wa kwenu ana faida moja: mnaelewana lugha mpaka ndani. Ana hasara moja pia, nitaisema ingawa nitapata maadui. Tunapenda kumwomba kazi ya undugu, halafu hatumlipi, halafu tunashangaa akiacha kazi nusu.

Mkishampata, kaeni chini muandike. Karatasi moja ya daftari inatosha. Andikeni choo kipi, kazi gani, vitu gani vitanunuliwa, nani atanunua, mikono yake ni shilingi ngapi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na jambo ambalo watu wengi huliacha: ikianza kuvuja tena ndani ya mwezi mmoja atarudi kutengeneza bila kudai mikono mingine. Wote mtie sahihi, na jirani mmoja awe shahidi. Ukiwa mjini mpelekee mwenyekiti wa LC1 aione, kwenye setelmenti mpelekee kiongozi wa wakimbizi wa bloku yenu. Kama fundi ni Mlugbara au Mkakwa na nyinyi mnaandika Kiswahili, asomewe kwa lugha yake mbele ya watu. Mzee yule tuliyempata wa pili alifurahi sana tulipomwandikia. Alisema kwamba yeye ndiye anayedanganywa mara nyingi kuliko wenye vyoo.

Kwenye pesa, nisikilizeni vizuri. Pesa ya vitu na pesa ya mikono ni pesa mbili. Pesa ya vitu usimpe fundi. Akuandikie orodha, mwende pamoja dukani, wewe ulipe, wewe uchukue risiti, vitu vilale nyumbani kwako. Kama kitu hakipo Koboko na lazima kitoke Arua, mtu wa ploti apande gari pamoja naye. Nauli ya mtu mmoja ni kidogo kuliko shilingi 180,000, niulize mimi. Pesa ya mikono mgawe. Avansi ndogo ya kuanzia, asile njaa kazini, sehemu nyingine kazi ikifika katikati, na ile ya mwisho, iliyo kubwa, itoke siku choo kimevutwa mbele ya watu. Siyo siku kimewekwa. Siku kimevutwa. Simenti ikae siku nzima kwanza, ndipo mvute mara tano mfululizo, mpitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo cha bomba. Karatasi ikitoka kavu, fundi ahesabiwe pesa yake pale pale, yote, bila kumzungusha. Kumwambia "njoo kesho" mtu aliyemaliza kazi ni wizi, hata kama aliyesema ni mama wa kanisa.

Na wenye kupanga, kabla ya yote muulizeni mwenye nyumba. Sheria ya Uganda ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba kuiweka nyumba yake katika hali ya mtu kukaa, na upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi unatakiwa uwe wa maandishi. Kama mtoto wako ametupa kitambaa chooni kikaziba, hilo ni lako. Mpira uliochoka kwa miaka ni wake. Mtumie ujumbe wa simu, usimwambie kwa mdomo tu, ubaki na neno lake. Akisema, "Tengenezeni, mtakata kwenye kodi," mwambie aandike ni shilingi ngapi kabla ya fundi kugusa kitu. Baada ya kazi kumbukumbu za wenye nyumba huwa fupi. Yule mama wa sokoni nimemshauri hivyo, pia aende na LC1, maana simu ya LC1 hupokelewa.

Nyinyi wa Lobule, Rhino Camp na Imvepi mtasema, haya ya tangi na floti ni ya watu wa mjini. Kweli. Lakini kuna familia mbili zimeniuliza kama zinaweza kuweka choo cha maji kwenye kiwanja chao cha setelmenti, kwa sababu mgeni kutoka nje ameahidi kuwatumia pesa. Nawajibu kwa hesabu tena. Choo cha kuvuta kinakunywa lita 6 au zaidi kila mara. Familia ya watu 8, kila mtu mara nne kwa siku, ni lita 192, karibu jerikeni 10. Kipimo ambacho UNHCR wanalenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa watu 8 ni lita 160. Yaani choo peke yake kitamaliza maji yote ya familia na bado kitadai. Na nani atasimama foleni ya pampu kwa ajili yake? Tunajua ni nani. Ni mama na wasichana.

Heri choo cha shimo kilichotengenezwa vizuri, au kile cha kumwaga maji kidogo kwa kopo, cha kuchuchumaa. Kuna vile vya plastiki vya SATO vyenye kimlango kidogo chini. Ukimwaga maji kinafunguka, kisha kinajifunga chenyewe, inzi hapandi na harufu hairudi. Fundi wa kuweka sleb na kitu hicho apangwe kwa karatasi ile ile na pesa ile ile ya mafungu.

Hapo angalieni mambo machache tu. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima au pampu, na upande wa chini wa mteremko, siyo wa juu. Kuna sehemu za kwetu ambako jembe linagonga mwamba mapema. Fundi akisema "inatosha" kwenye mita moja na nusu, shimo litajaa haraka na mtaanza upya. Muulize kama anaweza kuinua choo juu kwa matofali. Bomba la hewa lipande juu ya paa na liwekwe wavu mdomoni, maana bila wavu linakuwa barabara ya inzi. Kama kuna bomba la kulaza kutoka chooni mpaka shimoni, la inchi 4, literemke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Likilala sawa uchafu unabaki njiani. Fundi asiye na kipimo cha maji cha kupimia mteremko, muazimie. Ukikosa, hata chupa yenye maji nusu ikilazwa juu ya bomba itakuonyesha kitu.

Na hili naliandika kwa herufi nzito moyoni: mtu asiingie ndani ya septiki au shimo la choo lililokuwa likitumika. Siyo fundi, siyo kijana wa mtaani kwa shilingi 10,000, siyo kufuata simu iliyoanguka. Hewa ya mle ndani inaua, na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Kiberiti na mshumaa pia visisogezwe pale. Fundi akikuambia "nashuka tu kidogo," mzuie, hata kama kazi itakwama.

Najua mwaka 2025 WFP walipokata chakula kwa watu karibu milioni moja hapa Uganda, pesa ya choo ikawa neno la kuchekesha kwa wengi. Ndiyo maana nimeandika kwa urefu. Familia yenye pesa ikidanganywa na fundi inanung'unika. Sisi tukidanganywa tunauza nguo.

Mnaniuliza yule kijana wa kwanza? Alipatikana. Mwana wa jirani alimwona akifanya kazi upande wa Oraba, tukaenda na LC1. Hakukataa. Alisema mama yake alilazwa siku ile ile na pesa ikaenda hospitali. Labda ni kweli, labda si kweli. Ameshalipa shilingi 70,000 kidogo kidogo, na kila anapoleta elfu tano zake tunaandika kwenye daftari, naye anatia sahihi. Pesa ikirudi nagawa sawa kwa familia zote sita, hata wawili waliohamia Arua. Binti yangu siku hizi anakunywa maji jioni.

Mwezi ujao nitamjibu baba wa Imvepi aliyeuliza juu ya mchwa kwenye nguzo za nyumba. Maswali mengine mpeni yule anayewaletea gazeti hili, yatanifikia.